MJADALA: Bastola zenye nakshi za askari wa enzi za majambazi Marekani, ziuzwe mnadani au ziwe mali ya umma?

Mleta mada
Frank Hamer, kapteni wa zamani wa Texas Rangers, yaani polisi wa jimbo la Texas, ndiye aliyeongoza kikosi kilichowavizia na kuwaua majambazi Bonnie Parker na Clyde Barrow karibu na Gibsland, Louisiana, tarehe 23 Mei 1934. Bastola aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kampuni ya Colt, aina ya Single Action Army ya .45 (kipimo cha risasi) yenye nakshi, mwenyewe akiiita Old Lucky. Silaha za daraja hili zikifika mnadani hunyakuliwa na tajiri asiyetajwa jina, zinaingia kwenye sefu, basi. Hoja yangu: jimbo la Texas lipewe haki ya kwanza ya kununua. Anayepinga alete sababu.

DalaliWaBara
Napinga. Old Lucky ilikuwa mali yake binafsi. Usiichanganye na silaha walizokutwa nazo Bonnie na Clyde pale barabarani walipouawa. Hizo ndizo zenye utata: Hamer aliachiwa azichukue kama sehemu ya ujira wake, mama yake Clyde akamwandikia kuzidai, na hazikurudi. Septemba 2012, huko Nashua, New Hampshire, Colt Detective Special ya .38 inayosemekana ilikuwa ya Bonnie iliuzwa dola 264,000, na Colt 1911 ya Clyde dola 240,000. Ukitaka sheria mpya, anzia kwenye hizo.

FundiChuma
Wakuu, mnagombania mmiliki kabla hamjajua kama chuma chenyewe ni halisi. Colt ya aina hii ina namba sehemu tatu upande wa chini: kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio, na kitakoni mwa mpini. Zote tatu lazima zilingane. Ikitofautiana hata moja, jua bastola imeunganishwa vipande.

Halafu nakshi. Kiwandani kwa Colt, mjini Hartford, walichonga kwanza, ndipo wakaweka rangi ya buluu au nikeli. Kwa hiyo, kwenye nakshi ya kiwanda, rangi ya awali imeingia mpaka ndani ya mikato. Nakshi iliyochongwa baadaye huikata rangi na kuacha mistari ya chuma kitupu. Mjanja akitaka kulificha hilo, anaipaka bastola nzima upya, na hapo anajiumbua kwingine: kabla ya kupaka lazima asugue, na msasa unakula kona. Angalia matundu ya skrubu, kingo zake zitakuwa zimebonyea kama kisahani. Angalia maandishi juu ya mtutu na alama ya farasi ubavuni mwa fremu, utayakuta yamefifia huku nakshi pembeni yake ikiwa kali. Haiwezekani chuma kilekile kichakae upande mmoja tu.

Bastola iliyosuguliwa namna hiyo imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kilichoondoka kimeondoka.

MsomaNyaraka
Naongezea alipoishia Fundi. Colt hutoa barua ya kumbukumbu kwa kufuata namba: kipimo cha risasi, urefu wa mtutu, rangi, aina ya vibao vya mpini, siku iliyotoka kiwandani na ilikopelekwa. Mara nyingi hapo pa mwisho utakuta duka la jumla la vifaa vya chuma. Barua haisemi nani aliivaa kiunoni. Pengo hilo ndilo linalojazwa na hadithi, na hadithi ndiyo inayouzwa. Colt ambayo askari Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid ilipita dola milioni 6 mwaka 2021. Hiyo si bei ya chuma wala ya risasi.

Ile .38 ya Nashua iliuzwa na barua ya mtoto wa Hamer iliyothibitishwa kisheria mwaka 1979, miaka 45 baada ya tukio. Ni ushahidi, ila ni wa mwanafamilia. Mimi ningetaka picha ya zamani ambayo nakshi inaweza kulinganishwa mstari kwa mstari, pamoja na orodha ya mirathi yenye namba. Na mnaponunua, someni tangazo polepole. "Bastola ya aliyemvizia Clyde" si "bastola iliyomuua Clyde". Pale Gibsland kazi ilifanywa na bunduki za mtutu mrefu.

Mleta mada
Basi hizo ni sababu za kuzipeleka makumbusho, ambako mtafiti yeyote anaweza kuzikagua. Mji wa Waco, Texas, una makumbusho ya Rangers wenyewe.

DalaliWaBara
Makumbusho nayo huonyesha sehemu tu ya walivyonavyo, vingine viko stoo. Sefu ya serikali ina tofauti gani na sefu ya tajiri?

FundiChuma
Tofauti ni unyevu, ndugu. Matajiri hupenda kuiacha bastola ndani ya mfuko wake wa ngozi kwa sababu inapendeza. Ngozi hunyonya maji na ina chumvi za kiwandani, na kutu huanza upande usioonekana. Itoe, ishike kwa glavu maana jasho lina chumvi, ipake nta nyembamba ya kuhifadhia vyuma, kisha iwekwe kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ikiwa ni ya nikeli, usiguse dawa yenye amonia.

PwaniYaKale
Kuna jambo mmeliruka: vibao vya mpini. Colt nyingi za nakshi zilivalishwa pembe za ndovu. Karne ya 19, pembe zilizopita Zanzibar zilikuwa zikienda Connecticut, jimbo lilelile la kiwanda cha Colt, ingawa nyingi ziliishia kuwa vitufe vya piano. Tangu 2016 Marekani imebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika baina ya majimbo. Kitu cha kale cha miaka 100 kina msamaha, ila mwenye kuuza ndiye anayetakiwa kuuthibitisha umri. Vibao vilivyobadilishwa mwaka 1950 havirithi umri wa bastola.

Mleta mada
Nalegeza kidogo: iuzwe, lakini mnunuzi aiazime kwa makumbusho kwa muda fulani, picha za kila upande zikipigwa kabla haijatoka kwake.

DalaliWaBara
Bima nani analipa? Ukinijibu hilo nitakuunga mkono.