Mwalimu mstaafu Wete: nikajitolee wapi nipewe kazi, si kiti cha mbele?

Mwalimu Mstaafu, Wete

Assalamu alaykum jamani. Nakuandikieni kutoka Wete, Pemba. Nimesomesha hesabu na Kiswahili skuli za msingi tokea ujana wangu mpaka nikafika miaka 60, nikastaafu kwa mujibu wa sheria. Alhamdulillahi afya ninayo. Magoti yanauma nikipanda kutoka bandarini, lakini kichwa kizima na sauti yangu bado inafika dawati la nyuma.

Wanangu wananambia, "Mama, pumzika sasa." Nimepumzika vya kutosha. Asubuhi nafagia uwanja, nasuka ukili, adhuhuri najinyoosha, jioni nakaa barazani na majirani. Maisha mazuri, sikatai, lakini nahisi kuna kitu ninacho mkononi na hakuna anayekipokea.

Kilichonisukuma kuandika ni mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu. Huja barazani na kitabu chake, ananisomea ukurasa mzima bila kukwama. Juzi nikaiziba picha kwa kiganja, nikamwambia asome tena. Akanyamaza. Nikamwonesha neno moja peke yake, "ndoo", akawa ananitazama usoni kutafuta jibu. Kumbe ukurasa ameuhifadhi, hajausoma. Na mtoto si mzito yule, chuoni kwa Qur'ani anahifadhi sura upesi kuliko wenziwe. Ila darasa lao limejaa, skuli ina mikondo miwili, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia, na mwalimu hana wasaa wa kumkalisha mmoja mmoja pembeni. Mimi wasaa ninao.

Basi nikaenda skuli moja, sitoitaja, kuomba nisaidie. Walinipokea kwa heshima kubwa. Nikakalishwa kiti cha mbele, nikapewa maji ya chupa, nikapigwa picha na walimu, nikaambiwa "wazee ni hazina". Nikarudi nyumbani sikushika hata chaki. Baadae nikapigiwa simu nihudhurie hafla, nikakae kiti kile kile.

Nauliza: sisi wazee tunaotaka kufanya kazi khasa, tuanzie wapi? Sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa? Skuli? Jumuiya? Nauli anatoa nani? Na wenzangu ambao hawakuwa walimu wanafanya nini huko mliko? Nijibuni kwa mnayoyajua.

Muuguzi wa Zamani, Mkoani

Waalaykum salaam dada yangu. Nimekuelewa, na mie walinifanyia hayo hayo.

Ukenda ukisema "nataka kusaidia", mtu hajui akufanye nini, ndio maana anakupa kiti. Nenda na kazi moja yenye siku yake na saa yake. Mimi nilikwenda kituo cha afya cha kwetu nikasema: siku ya kliniki ya wajawazito, kabla daktari hajaanza, nipeni wale wanaobeba mimba ya kwanza nizungumze nao pale kwenye benchi. Basi. Hawakuwa na sababu ya kukataa.

Nakaa nao nawaambia dalili za hatari: kichwa kuuma sana, uso na mikono kuvimba, kuona ukungu, kutoka damu. Nawaambia ukiona moja katika hizo usingoje bwana arudi pwani wala mama mkwe atoe ruhusa, ondoka. Kisha kunyonyesha, miezi 6 maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe. Hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi, maana kila mmoja ana bibi yake nyumbani aliyemwambia mtoto ana kiu. Muuguzi kijana akisema wanamsikiliza kwa adabu tu. Mie nikisema wananibishia, na wakishanibishia ndio wanaelewa.

Jambo jengine, sema mapema usichokifanya. Mimi sishiki sindano, sigusi faili la mgonjwa, sitoi dawa. Niliwaambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza, na wahudumu wakaacha kuniogopa.

Kijana wa Shehia, Micheweni

Shikamoo Mwalimu. Mimi nasaidia kazi za kuandika ofisini kwa sheha wetu.

Andika barua fupi kwa sheha wako: jina, ulikosomesha, unataka kufanya nini, siku gani. Nakala peleka kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya skuli. Barua ikiwepo, hata akija mwalimu mkuu mpya unajulikana uko pale kwa idhini ya nani. Watoto ukiwasomeshea kwako, wazazi wao wawe wamekubali, na iwe barazani au uwanjani pa wazi, si chumbani. Si kwamba kuna anayekushuku, ni kinga yako na ya watoto.

Nje ya skuli, nakushauri uulizie madarasa ya kisomo, yale ya Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima. Kwetu huku kuna akina mama wanaojua kusoma Qur'ani vizuri lakini ujumbe wa simu wanasomewa na watoto. Vipo pia vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, vya wadogo kabisa, na huko mtu wa kusimulia hadithi na kuimba na watoto hakosi kazi.

Na siku za malipo ya Pensheni Jamii, zile fedha za serikali kwa wazee, Mwalimu. Ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, sasa imepanda. Wapo wazee wasioona vizuri, wapo wasiojua kusoma walichoandikiwa, wapo wanaotuma mjukuu na hela haifiki yote. Mstaafu wa miaka 60 na kitu kama wewe, akafuatana na jirani yake wa miaka 80, akamsomea karatasi na akamhesabia fedha mbele yake, hiyo kazi kubwa sana kuliko watu wanavyodhani.

Mzee wa Mikandaa, Tumbe

Mimi nilikuwa mvuvi, sina cheti cha kitu. Vijana wa hapa wana kikundi cha kupanda mikandaa, ile miti inayoota kwenye maji ya bahari ufukweni, na mimi nakwenda nao. Walikuwa wanapanda kila kitu mahali popote, miche inakufa. Nikawaonesha: mkoko unataka tope laini linalopata maji kila siku, mchu unastahamili mchanga ule wa juu. Mbegu ya mkoko ile ndefu, ncha yake chini, ichomeke wima, usiizamishe yote. Na tunaangalia bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, kabla ya kupanga siku. Mengine wanafanya wao, mimi mgongo hauniruhusu kuinama muda mrefu.

Mhitimu Anayesubiri Ajira, Unguja

Mwalimu, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Mimi nina shahada ya ualimu na najitolea skuli moja huku mjini huku nikisubiri ajira. Tuko wengi. Mwalimu mkuu akipata mstaafu mwenye uzoefu, anayekuja bure na ana pensheni yake, si ataniona mimi sina haja? Wazee wakijaza nafasi, serikali itaona upungufu haupo. Nasema hili kwa heshima, lakini linaniuma.

Muuguzi wa Zamani, Mkoani

Mwanangu, hilo umesema kweli na si utovu wa adabu. Ndio maana nilisema, mtu aseme mapema asichokifanya.

Mwalimu Mstaafu, Wete

Ahsanteni nyote, Mungu akulipeni. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Naanza na wewe mwanangu wa Unguja. Sitaki darasa. Sitaki kipindi kwenye ratiba wala jina langu kwenye orodha ya walimu waliopo, na hilo nitaliandika kwenye barua kwa maneno haya haya, ili asije mtu akanihesabu mimi badala yako. Ninachotaka ni wale wanne watano walioachwa nyuma, baada ya saa za skuli, mmoja mmoja, mpaka asome neno bila picha. Kazi hiyo hata walimu wakitimia itakuwepo. Na kama upo likizo ukaja Pemba, njoo ukae na mimi, nitakuonesha namna ya kumshika mtoto wa aina hii, na wewe utanionesha mbinu mpya za vyuoni ambazo sisi hatukusomeshwa.

Dada wa Mkoani, nimechagua: Jumatatu na Jumatano baada ya Alasiri, barazani kwangu, mlango wazi, wazazi wakipenda wakae wasikilize. Nimeshazungumza na mama wa yule mtoto. Aliogopa kidogo, akidhani namwambia mwanawe hana akili. Nikamweleza kuwa mtoto anayeweza kuhifadhi ukurasa mzima bila kuujua hata herufi yake moja ana kichwa kizuri mno, tatizo hajaoneshwa njia. Akacheka, akasema atamleta na mdogo wake.

Na siku za Ijumaa nitakwenda nyumba ya wazee Limbani, ni karibu na kwangu, sihitaji nauli. Nataka niulize uongozi kama nitaruhusiwa kuwasomea wazee wa pale magazeti na kuwaandikia barua na ujumbe kwa jamaa zao. Nimewapita miaka yote nikienda na kurudi kazini.

Juu ya nauli bado sijaridhika. Hapa kwangu nitakwenda kwa miguu, lakini wenzangu wa vijijini wakiambiwa waje Chake Chake kwenye mkutano wa wazee wanajitolea siku nzima, halafu na nauli watoe wao. Mtu wa pensheni ndogo hawezi hivyo mara mbili. Wanaosimamia jumuiya zetu, JUWAZA (Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar) na wengine, nakuombeni mlitazame hili kabla ya fulana na mabango.

Mwisho, mwenye vitabu vya kusomea vya darasa la kwanza, hata vya zamani, hata vilivyotoka jalada, aniandikie hapa. Nitaomba mtu avichukue bandarini au stendi ya gari Wete. Visivyo na picha nyingi ndivyo ninavyovitaka zaidi.

Kijana wa Shehia, Micheweni

Mwalimu, tunavyo vichache kwenye kabati la ofisi, vya kituo kilichofungwa. Namuuliza sheha kesho asubuhi, akikubali navipakia kwenye gari ya Wete.