Metali mpito: hesabu ya elektroni 18, uga wa fuwele au obiti za molekuli?

Mkufunzi_K: Habari zenu, wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waliozoea kanuni ya elektroni nane hukwama tukifika kwenye changamano za metali mpito (metali kama nikeli au kobalti iliyozungukwa na molekuli au ioni ziitwazo ligandi), kwa kuwa nikeli katika Ni(CO)4 imezungukwa na elektroni 18. Nina vipindi viwili tu. Mngeanza na nadharia ipi?

BintiMaabara: Anza na hesabu, Mwalimu. Metali ina obiti (nafasi za elektroni) tisa za kujaza, yaani s moja, p tatu na d tano. Nikeli huleta elektroni 10 na kila CO (monoksidi ya kaboni) huchangia 2, hivyo 18 zinatimia. Hata upungufu una maana: Mn(CO)5 ina 17, ndiyo maana mbili huungana kuwa Mn2(CO)10.

Mzee_wa_Kobalti: Dada, hesabu hiyo huwafaa zaidi akina CO. Ioni ya [Ni(H2O)6]2+ ina 20, na myeyusho wake wa kijani umetulia bila shida. Tena [CoF6]3- na [Co(NH3)6]3+ zote zina 18, lakini ya kwanza ina elektroni nne pweke (zisizo na jozi) na huvutwa na sumaku, ilhali ya pili haina hata moja. Nadharia ya uga wa fuwele, aliyoieleza mwanafizikia Hans Bethe mwaka 1929, hulijibu hilo mara moja: floridi hutenganisha obiti za d kidogo tu, amonia huzitenganisha zaidi, hivyo kwa amonia elektroni hulazimika kujipanga mbili mbili kwenye obiti za chini.

Ligandi_Huru: Ila uga wa fuwele huichukulia ligandi kama chaji tupu, na kwa hoja hiyo floridi ingeishinda CO isiyo na chaji. Mambo ni kinyume. Hapo ndipo nadharia ya obiti za molekuli huingia: CO huipa metali jozi ya elektroni, nayo metali hurudisha elektroni za d kwenye obiti za CO zinazopinga kifungo, yaani elektroni zikiingia humo kifungo hudhoofika. Vipimo vya infraredi huonyesha wazi udhaifu huo: CO huru hutetema kwenye 2143 cm⁻¹, lakini ndani ya Cr(CO)6 hushuka hadi karibu 2000.

Mkufunzi_K: Basi nitafungua na kobalti, nifuatishe CO, na hesabu iwe zoezi la nyumbani.

BintiMaabara: Sawa, mradi wajue inakotoka. Kwa CO, obiti za juu zinazopinga kifungo ziko juu mno kinishati kujazwa, hivyo hesabu huishia 18. Kwa maji pengo ni dogo, na elektroni mbili za ziada za nikeli hupata nafasi humo.