Simbilisi wana afya tele, ila mimi na mwanangu tumetoka choa. Naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Nalisha simbilisi na panya weupe kwenye banda la wanyama wa majaribio la chuo fulani. Wiki ya tatu hii nina duara jekundu mkononi, juu kidogo ya glavu inapoishia. Juzi nimeliona la namna hiyo shingoni kwa mwanangu wa miaka 4. Nilipaka tyubu niliyouziwa duka la dawa. Muwasho ulitulia siku mbili, kisha duara likatanuka. Wanyama wote manyoya yanang'aa, hakuna aliyenyonyoka. Msimamizi anasema nimeyatoa mtaani. Nifanyeje?

mifugo_kwanza: Pole sana mkuu. Manyoya kung'aa si ushahidi. Simbilisi anaweza kubeba Trichophyton mentagrophytes, fangasi wa choa, bila kipara hata kimoja. Ile taa ya zambarau wanayomulikia paka kutafuta choa haitamwonesha fangasi huyo. Chukua mswaki mpya uliotakaswa, msugue mnyama mwili mzima, halafu meno ya mswaki yachomekwe kwenye agari ya Sabouraud, yaani chakula cha maabara cha kuoteshea fangasi. Msiseme hakuna kitu kabla ya wiki 3 au 4. Na wapimwe wote.

nesi_wa_zamu: Soma tyubu yako. Ukiona betamethasone au clobetasol, acha leo hii. Hiyo ni steroidi: inazima muwasho huku fangasi anasambaa. Nenda wakakwangue ngozi ya ukingoni mwa duara waiangalie kwa hadubini. Choa cha mwilini kwa kawaida kinaisha kwa clotrimazole au terbinafine ya kupaka. Mtoto mpeleke pia, wamkague kichwa. Mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kunywa.

mlishaji: Asanteni. Ni betamethasone kweli. Na koti la kazi huwa narudi nalo nyumbani kufua, mtoto ananikumbatia mlangoni.

mifugo_kwanza: Basi njia ndiyo hiyo. Mbegu za fangasi kwenye unywele mmoja hukaa hai miezi mingi. Koti libaki kazini, glavu zifunike mikono ya koti, matandiko ya vizimba yapite kwenye autoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kabla ya kutupwa. Na msimamizi mwandikie barua, ubaki na nakala.

mlishaji: Barua nimeipeleka asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku alipoisoma akanionesha kiuno chake. Ana maduara mawili.