Mjadala: Tathmini za maendeleo endelevu ziendelee kuwa za hiari?

Mleta mada:
Wakuu, kila mashauriano ya kurekebisha vyombo vya kimataifa vya maendeleo endelevu yakianza, wanadiplomasia hukimbilia muundo: chombo kiwe chini ya nani, kiwe na wajumbe wangapi, kikutane lini. Mimi nasema muundo umeshabadilishwa vya kutosha. Swali linalokwepwa ni hili: nchi iliyotoa ahadi inaulizwa na nani, na ikiulizwa inalazimika kujibu?

Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo uliofanyika Rio 1992 iliundwa Tume ya Maendeleo Endelevu ya umoja huo, nchi 53 zikipokezana viti. Mwaka 2007, na tena 2011, ilifunga kikao bila maafikiano ya kisera. Mkutano wa Rio+20 wa 2012 ukaamua chombo kingine kichukue nafasi yake, na 2013 likaanza Jukwaa la Ngazi ya Juu la Kisiasa. Nchi zote zimo, kikao ni kila mwaka, na kila baada ya miaka minne wanakutana wakuu wa nchi chini ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Hayo ni mabadiliko makubwa, siyabezi. Lakini tathmini za kitaifa, yaani ripoti za jinsi kila nchi inavyotekeleza Malengo ya Maendeleo Endelevu, zimeachwa kuwa za hiari. Nchi inajiandikia ripoti, inaiwasilisha, inaulizwa maswali machache, yote kwa takriban nusu saa, kisha inaitwa nyingine. Haiondoki na pendekezo lolote inalopaswa kulijibu.

Nendeni Geneva mkaone Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa linavyofanya. Kila nchi, kubwa na ndogo, inapewa saa tatu na nusu. Wenzake wanatoa mapendekezo yanayoandikwa, nayo inatakiwa kusema ni yapi inayakubali. Mzunguko unaofuata inaulizwa imeyafanyia nini. Hakuna hakimu wala adhabu, ila kuna kumbukumbu, na serikali huiogopa kumbukumbu kuliko hotuba.

Nataka utaratibu wa namna hiyo New York, kwenye Jukwaa hilo la Ngazi ya Juu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema ni asilimia 17 tu ya shabaha za Malengo hayo zilizoweza kupimwa ndizo zilizokuwa kwenye mwendo unaotakiwa. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, napinga. Utaratibu wa lazima utawabana wanyonge. Nchi yenye madeni itaulizwa mbona shule na maji havijafika, halafu aliyeahidi kuisaidia amekaa upande wa waulizaji. Baraza Kuu liliweka lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kama misaada tangu 1970. Nyingi hazijalifikia hadi leo. Tuanze na hilo kwanza.

Mchangiaji wa pili:
Nakazia hapo kwenye fedha. UNEP, yaani Programu ya Mazingira ya Umoja wa Mataifa, ilipanuliwa, kutoka baraza la nchi 58 hadi mkutano wa nchi zote uliokaa Nairobi kwa mara ya kwanza 2014. Afrika na Ulaya zilitaka iwe shirika maalumu kamili linalojitegemea, zikakataliwa. Mpaka sasa sehemu kubwa ya fedha zake ni michango ya hiari. Chombo kinachoomba hakiwezi kumhoji anayekipa.

Mleta mada:
Mchangiaji wa pili, nakubaliana nawe kabisa, na hilo liingizwe kwenye mashauriano yoyote yajayo.

Wa kwanza, hoja yako ni nzito, ila mimi naiona inaelekea kwangu. Hiari ndiyo inayomlinda mkubwa. Tathmini hizi zilianza 2016, na hadi 2025 Marekani ilikuwa haijawasilisha hata moja, wakati nchi maskini zimekwenda mara mbili, nyingine tatu. Kwa hiyo anayehojiwa sasa ni yuleyule unayemhurumia. Ile asilimia 0.7 iwe swali la kwanza kwa kila nchi tajiri, na jibu liandikwe. Ukisema tusubiri kwanza walipe, ni nani atakayewauliza wakati tunasubiri? Tangu lengo lile la 1970, hiari imeshawapa zaidi ya miaka 50.