Nakaa Louisville, kazi iko Indiana: kodi ya jimbo nafaili wapi?

Mtoto wa Uvira

Habari zenu ndugu. Nina swali la kodi, na naomba anijibu mtu aliyepitia mwenyewe, siyo wa kukisia.

Nakaa Louisville, Kentucky. Tarehe 10 Machi 2025 nilianza kazi kwenye ghala moja Jeffersonville, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Zamu ni ya usiku, navukia daraja la Second Street kwa sababu yale ya barabara kuu ya I-65 wanatoza. Januari na Februari sikuwa na kazi yoyote. Kuhama Kentucky sijahama hata siku moja.

Sasa W-2 imefika, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka na kodi zilizokatwa. Mshahara dola 27,600. Kisanduku cha 15 kimeandikwa IN. Cha 17, kodi ya jimbo, dola 804. Cha 19, kodi ya kaunti ya Clark, dola 536. Kentucky hakuna hata senti. Nikapeleka kwa jamaa anayefailia watu huku mtaani, akabonyeza-bonyeza simu yake, akasema za Indiana zimeshakwenda, na Kentucky nao wananidai 973. Yeye nimpe 250 za kazi. Nilikaa garini dakika kumi sijawasha. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, foleni na makaratasi siyaogopi, lakini jasho moja kukatwa mara mbili hilo halijaniingia.

Baba Kevo

Kijana, kodi unalipa pale unapolala. Faili Kentucky, hizo za Indiana zisahau. Ndivyo nilivyofanya mimi nilipokuwa Ohio na maisha yakaendelea.

MamaT wa Nashua

Baba Kevo, usimtupie mwenzio dola 1,340 mtoni!

Tena hiyo ya "unapolala" siyo kila mahali. Mimi nalala Nashua, New Hampshire, kazi yangu ya uuguzi iko Lowell, Massachusetts. New Hampshire hawakati kodi ya mshahara kabisa, na wengi wetu tulihamia huku tukidhani tumeikwepa. Wapi! Massachusetts wanachukua asilimia 5 yao kwa sababu jasho limetoka kwao. Kila mwaka najaza fomu yao ya wasio wakazi, 1-NR/PY, na nyumbani sina cha kupunguziwa kwa sababu nyumbani sidaiwi. Lakini Kentucky na Indiana nasikia wana mapatano. Mwenye kujua aseme.

Shangazi Kalamu

Wanayo. Najitolea VITA hapa Louisville, wale wa kufailia watu bure wakati wa kodi, na kesi yako tunaiona kila wiki. Kaka, kaa vizuri.

Mkazi wa Kentucky akifanya kazi Indiana, mshahara wake unatozwa kodi ya jimbo na Kentucky peke yake. Wa Indiana akija kufanya kazi Kentucky, vivyo hivyo kinyume chake. Ni mshahara tu lakini, pamoja na bakshishi na kamisheni. Ungekuwa na nyumba ya kupangisha kule, hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo zile 804 zilikatwa kimakosa, na Indiana hawatakurudishia mpaka uziombe. Jamaa yako kwenye 973 hakukosea: 27,600 toa 3,270 ambazo Kentucky hawazigusi kwa mwaka 2025, inayobaki piga asilimia 4. Alikosea kuziacha za Indiana zilale.

Fomu yako ya Indiana ni IT-40RNR. Angalia programu isikupeleke IT-40PNR, zinafanana majina lakini ile haikuhusu. Kentucky unafaili fomu 740 ya kawaida. Na usijaribu kuwaambia Kentucky wakupunguzie kwa sababu Indiana wamekukata. Kwenye majimbo yenye mapatano hilo wanalikataa, watakuambia kadai kule zilikokwenda.

Sasa kodi ya kaunti. Hii mapatano hayaigusi, na ndiyo inayowaliza watu wa Louisville. Ila Indiana wanaangalia siku moja tu: tarehe 1 Januari ulikuwa unafanya kazi kaunti gani? Wewe 1 Januari 2025 ulikuwa nyumbani huna kazi. Basi ya Clark hudaiwi kwa mwaka huo, na 536 nazo unazidai.

Mtoto wa Uvira

Shangazi, nimesoma mara tatu. Yaani 804 na 536, jumla 1,340 zinarudi, nalipa Kentucky 973, nabaki na 367?

Shangazi Kalamu

Ndiyo hesabu yenyewe. Ubaya ni kwamba Kentucky wanataka yao ifikapo 15 Aprili na Indiana watakurudishia wakishamaliza kukagua. Kwa hiyo Indiana faili leo. Zikichelewa, faili Kentucky kwa wakati hata kama hela haijatimia, kisha omba kulipa kidogo kidogo.

Na kesho ukienda kazini, waombe watu wa mishahara fomu WH-47. Unajaza kwamba wewe ni mkazi wa Kentucky, wanaacha kukata ya jimbo la Indiana. Waulize pia kama wanaweza kukukatia ya Kentucky. Wakisema hapana, weka pembeni mwenyewe. Ya kaunti ya mwaka 2026 usiidai tena, maana 1 Januari 2026 ulikuwa ghalani.

Dereva wa Magurudumu 18

Samahani kudandia. Mimi nakaa Louisville, wiki moja napita majimbo saba. Kuna mtu kaniambia nifaili yote saba.

Shangazi Kalamu

Mwambie apumzike. Dereva wa lori anayevusha mizigo majimbo mengi analindwa na sheria ya serikali kuu: mshahara wako unatozwa na jimbo unaloishi tu. Hiyo ni kama umeajiriwa. Kama lori ni lako mwenyewe, fungua mada yako.

Mtoto wa Uvira

Nimerudi. Dada wa ofisini hakuwa anaijua WH-47, tumeitafuta pamoja kwenye kompyuta yake, akachapa nakala mbili. Akaniuliza kwenye zamu yetu wanaotoka Kentucky ni wangapi. Nikamwambia gari letu peke yake ni wanne.