Wawekezaji wa statapu, kama hamtaki kuweka hela semeni HAPANA. Msimu wa alizeti hausubiri mtu

Wakuu, nimekaa kimya vya kutosha. Uzi huu ni wa wawekezaji wa mitaji ya statapu, yaani kampuni changa, hasa hawa wa mifuko ya uwekezaji ya nje. Kama hutaki kuweka hela, sema hapana. Kwa nini mnamzungusha mtu mpaka msimu unaisha?

Sisi tuko hapa Dodoma. Tunawaunganisha wakulima wa alizeti wa Kongwa na Mpwapwa na wenye mashine ndogo za kukamua. Bei inaenda kwa SMS kwa sababu wakulima wengi wanatumia vitochi, na mzigo unapimwa kwenye mizani mbele ya mkulima mwenyewe ili lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, ife. Hela tuliyoomba ilikuwa ya mizani, magunia, na kumlipa mkulima papo hapo. Ikifika kabla ya Mei ina maana. Ikifika Septemba, walanguzi wameshabeba kila kitu.

Niliwaeleza hilo tangu kikao cha kwanza. Wakasema wamependa sana, tuendelee kuzungumza. Leta makadirio ya mapato ya miaka mitano. Leta orodha ya wateja. Badilisha slaidi ya soko, ionekane Afrika nzima. Kisha ikaja Delaware, jimbo la Marekani: hawaweki hela kwenye kampuni iliyosajiliwa hapa kwetu BRELA, kwa msajili wa makampuni, fungua ya huko Marekani kwanza. Tukafungua kupitia Stripe Atlas, huduma ya mtandaoni ya kusajili kampuni, dola 500. Sasa kila ikifika tarehe 1 Machi Delaware wanataka kodi yao, umeuza hujauza. Ya mwekezaji haijaingia hata senti.

Kilichoniuma zaidi ni grafu. Kijana mmoja wa mfuko, tukiwa kwenye simu ya video, aliizungushia duara jekundu Januari na Februari, akauliza kwa nini mauzo yameanguka na lini tutaanza kukua kila mwezi. Ndugu yangu, Dodoma msimu wa mvua ni mmoja kwa mwaka! Januari alizeti ndiyo kwanza iko ardhini. Linganisha Juni na Juni ya mwaka uliotangulia, utaona tumepanda. Nikamwonyesha. Akasema atazungumza na wenzake. Mpaka leo.

Mwingine anasema ataingia tukimpata kiongozi wa raundi, yaani mwekezaji mkuu wa awamu hiyo ya kuchangisha mtaji. Unamfuata huyo kiongozi, naye anauliza nani ameshaingia. Halafu wote wanautaja mkataba wa SAFE, ule wa kutoa hela sasa upate hisa baadaye, kama msahafu! Y Combinator, wale wakuzaji wa statapu wa Marekani, waliutoa mwaka 2013 ili kila mwekezaji aweze kusaini na kutuma hela peke yake, hisa zije kuhesabiwa kwenye raundi ya mbele. Maana yake msisubiriane. Ila "labda" haiwagharimu kitu. Ukifa, hawajapoteza. Ukitoboa kwa jasho lako, wanarudi na tabasamu wakidai mlikuwa pamoja tangu mwanzo.

Gharama inabaki huku. Msimu huu, pale Kibaigwa, nimemwona mama tuliyemsajili wenyewe akiuza gunia lililoshindiliwa hadi kichwa chake kimefungwa kwa wavu wa kamba, kwa bei ya gunia la kawaida. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa, na sisi siku hiyo hatukuwa na cha kumlipa. Mizani yetu ilikuwa mita chache kutoka pale.

Hapana ya Februari ningeifanyia kazi. Ningeenda SACCOS, ningeuza kiwanja changu cha Ihumwa, ningewafuata wakamuaji watoe malipo ya awali. Sikufanya hata moja kwa sababu kila wiki naambiwa "tuko hatua za mwisho".

Mliozungushwa hivi, wekeni hapa mlikaa muda gani bila jibu na mlidaiwa nyaraka zipi, bila kutaja majina, ili wanaoanza wajipange. Na kama kuna mwekezaji anapita kimyakimya humu, afungue barua pepe zake sasa hivi awajibu watu.