Boone anaingia msimu wa 2026 hana presha yoyote, presha yote tumeachiwa sisi mashabiki wa Yankees

Wakuu, wapenzi wa besiboli najua tuko wachache ila leo lazima nitoe la moyoni maana limenikaa kooni tangu Oktoba.

Aaron Boone, meneja yaani kocha mkuu, anaanza msimu wa 9 pale New York Yankees, kombe hamna, na huko juu kwa wamiliki hakuna anayemgusa. Februari 2025 wakamwongezea miaka miwili, mkataba unaenda mpaka 2027, na hiyo ni miezi michache tu baada ya Dodgers kutudhalilisha 4-1 kwenye World Series, fainali ya ubingwa. Hivi mtu anaharibu vile halafu anaongezewa mkataba, kwa lipi hasa?

Tukumbushane. World Series 2024 mechi ya kwanza, Los Angeles, iningi (kipindi) ya 10 tunaongoza 3-2, Boone anamwingiza mrushaji Nestor Cortes, mtu ametoka kuuguza mkono, hajarusha mpira kwenye mechi tangu katikati ya Septemba, wakati Tim Hill yupo pale mzima na ni wa mkono wa kushoto vilevile. Haya, Ohtani wa Dodgers akatolewa, mwenzake Betts tukampa besi ya bure makusudi, besi zikajaa, Freddie Freeman naye mpira wa kwanza tu akaupiga mpaka jukwaani, pointi nne kwa mpigo. 6-3, mechi kwisha. Mechi ya 5 nyumbani tunaongoza 5-0, iningi ya tano nyota wetu Judge anadondosha mpira mwepesi kabisa, Volpe anarusha ovyo, mrushaji Gerrit Cole anabaki kasimama badala ya kukimbilia besi ya kwanza, ikawa 5-5, tukafa 7-6. Mtasema makosa ya wachezaji, sawa, lakini timu inayosahau mambo wanayofundishwa watoto, aliyeiandaa ni nani?

Mwaka jana sasa, mtoano na Red Sox, mechi ya kwanza. Mrushaji wetu Max Fried hajaruhusu hata pointi moja, tunaongoza 1-0, iningi ya saba ametoa mtu mmoja, kafikisha mipira 102, Boone huyo anatoka kwenda kumtoa. Anaingia Luke Weaver. Rafaela wa Red Sox akamganda mipira 11 akapata besi ya bure, mwenzake Sogard akapiga wakasogea, Yoshida akawaingiza wote wawili. Tukafungwa 3-1! Nyota wetu Jazz Chisholm siku hiyo alianzia benchi, tena benchi! Red Sox tukaja kuwatoa, nakubali, kisha Blue Jays wakatupiga 10-1 na 13-7 mfululizo na wakatumaliza mechi ya 4.

Kinachoniuma kuliko vyote ni Joe Girardi, meneja aliyemtangulia Boone. Yule ndiye aliyetupa kombe la mwisho, 2009, na 2017 alifika mechi ya 7 na Astros kwenye fainali ya American League, bado mechi moja tu aingie World Series. Mkataba ukaisha wakamwambia kwaheri. Eti hatoshi! Boone akaletwa bila kuwahi kuwa meneja popote, ametolewa na Red Sox 2018, Astros 2019, Rays 2020, Red Sox tena 2021, Astros tena 2022 bila kushinda hata mechi, 2023 hata mtoano hatukuuona, na yupo. Mzee George Steinbrenner, mmiliki wa zamani, alimfukuza meneja Yogi Berra mwaka 1985 baada ya mechi 16 tu, na Yogi ni mtu wa heshima kubwa pale. Sisemi turudi huko kwa yule mzee, ile nayo ilikuwa vurugu, ila mtoto wake Hal, anayeiongoza timu sasa, kaenda upande wa pili kabisa, amekuwa mpole mpaka meneja halali njaa wala hakosi usingizi.

Na msije na ile hoja ya kwamba hajawahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Ni kweli, hajawahi. Kwa mishahara ya karibu dola milioni 300 na Aaron Judge mwenye MVP 3 (tuzo ya mchezaji bora), nani angeshindwa kupata ushindi wa msimu wa kawaida? Judge anafikisha miaka 34 Aprili hii, miaka yake bora inaliwa hivi hivi tukiangalia.

Ninachotaka ni kitu kimoja, Hal atamke hadharani kabla ya mechi ya kwanza kwamba wasipofika World Series mwaka huu Boone anaondoka, na hiyo hela ya 2027 wamlipe akiwa nyumbani kwake.